Akina Joaquín Watano

Hotuba hii niliitoa jioni moja ya Agosti mbele ya mkutano wa Waswahili tunaoishi Stockton, California, na miji ya jirani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila salamu nimezifupisha.

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, na ndugu zangu mliotoka Sacramento na Modesto kwa ajili ya jioni hii, poleni na safari. Naomba tukubaliane kwamba itifaki imezingatiwa, nami niingie moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Tuliomo humu tumetoka Tanga, Mombasa, Bukavu, Bujumbura. Tunaamka alfajiri kwenda maghalani, hospitalini, barabarani. Watoto wetu wanafundishwa historia ya hapa shuleni, wanarudi nayo nyumbani, na wakituuliza hatuna la kuwajibu. Binti yangu aliniuliza, "Baba, huyu Joaquín ni nani?" Nikamjibu upesi, maana jibu nilikuwa nalo: ni Mtakatifu Yoakimu, baba yake Bikira Maria, na Wahispania ndio walioupa mto wetu jina hilo, San Joaquín, likaenea bonde zima mpaka kaunti yetu. Akatikisa kichwa. "Siyo huyo. Yule aliyekatwa kichwa."

Sikuwa na jibu. Mimi dereva wa lori, bonde hili nalipanda na kulishuka kila wiki, na sikuwa na jibu. Ninayowasimulia leo nimeyatafuta tangu siku ile.

Agosti 1853, katika mji huu huu wa Stockton, lilibandikwa tangazo. Lilisema kwamba kwa siku moja tu, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Stockton House, watu wataonyeshwa kichwa cha jambazi mashuhuri Joaquín, pamoja na mkono wa mwenzake, Jack wa Vidole Vitatu. Kutazama kulikuwa kwa dola 1. Kichwa kilitiwa ndani ya chupa kubwa ya kioo iliyojazwa pombe kali, kisioze. Baada ya hapa kikazungushwa kwenye miji ya machimbo na San Francisco, na kila kilipofika watu walipanga foleni.

Naomba tusimame kidogo kwenye ile foleni. Mtu ametoa dola yake, ameingia, anainama, anatazama uso wa binadamu kupitia kioo. Anaambiwa, huyu ndiye Joaquín. Naye anaamini. Kati ya wote waliopita pale, wangapi walipata kumwona Joaquín akiwa hai? Anatambua nini, isipokuwa jina aliloambiwa mlangoni?

Turudi nyuma. Tarehe 24 Januari 1848, James Marshall aliokota vipande vya dhahabu kwenye mfereji wa kinu cha kupasulia mbao cha Sutter, kule Coloma. Siku 9 baadaye, tarehe 2 Februari, Meksiko iliyokuwa imeshindwa vita ilitia saini Mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kuikabidhi Marekani California pamoja na ardhi nyingine kubwa sana. Waliotia saini hawakuwa na habari ya dhahabu. Nchi ilibadili mwenyewe siku zile zile ilipotoa utajiri wake, na aliyekuwa mwenyeji asubuhi akalala mgeni.

Habari ilipovuja, ikawa ile ambayo wachimbaji wetu wa Geita wanaiita rashi. Watu walitoka kila pembe. Miongoni mwa wa kwanza kufika walikuwa watu wa jimbo la Sonora, kaskazini ya Meksiko, na hao hawakuja kubahatisha. Uchimbaji walizaliwa ndani yake. Walikuja na batea, bakuli la mbao la duara, pana, lenye kina kidogo, mfano wa sinia lililobonyea katikati. Unaweka udongo na maji, unalizungusha kwa viganja viwili huku ukiliinamisha kidogo kidogo, mchanga unamwagika ukingoni, na kilicho kizito kinabaki chini kama vumbi la njano. Pasipo na maji waliurusha udongo mkavu hewani ili upepo uuchukue, dhahabu irudi. Akina mama, hamhitaji maelezo zaidi ya hapo: ni kupepeta mchele kwenye ungo. Wamarekani wengi waliofika 1849, makarani, mabaharia, wakulima, walijifunza kazi kwa kuwatazama Wasonora. Mji mmoja wa machimbo, si mbali na hapa, unaitwa Sonora mpaka leo kwa sababu wao ndio walioupiga jembe la kwanza.

Mwanafunzi alipokwisha kujua kazi, mwalimu akawa hatakiwi. Aprili 1850 bunge la California lilipitisha kodi ya wachimbaji wa kigeni, dola 20 kwa mwezi, wakati wakia moja ya dhahabu machimboni ilikuwa ikiuzwa kama dola 16. Wazee mnaoikumbuka kodi ya kichwa mtaelewa bila kufafanuliwa. Kwenye karatasi kodi ilimhusu kila asiye raia. Machimboni mtozaji alimjua wa kumfuata kwa rangi yake na kwa lugha yake. Watu wa Sonora, Wachile, Wafaransa, Wajerumani waliandamana, wakatishwa kwa bunduki. Maelfu wakafungasha wakaondoka. Wenye maduka wakabaki na mizigo isiyo na wanunuzi, na mwaka uliofuata kodi ikafutwa. Mwaka 1852 ikarudi kwa dola 3, safari hii ikiwalenga Wachina.

Nitaje na mwanamke mmoja. Tarehe 5 Julai 1851, huko Downieville, Mmeksiko aliyeitwa Josefa alimchoma kisu mchimbaji ambaye usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amevunja mlango wa nyumba yake. Umati ukamfanyia kitu walichokiita kesi, na siku hiyo hiyo wakamnyonga kwenye daraja la mto. Kwa miaka mingi waliosimulia mkasa ule walimwita Juanita. Jina lake halikuwa Juanita. Hawakujisumbua kuuliza. Kwao kila mwanamke wa Kimeksiko alikuwa Juanita. Lishikeni hilo, maana ndilo litakalotupeleka kwa Joaquín.

Masimulizi yanasema Joaquín Murrieta alikuwa kijana wa Sonora aliyekuja California na mkewe, Rosa. Alikuwa mpole, mchapa kazi, na kipande chake cha kuchimba kilikuwa kinatoa dhahabu. Wakaja Wamarekani wakamwambia Mmeksiko hana haki ya kuchimba. Walimpiga, wakamdhalilisha mkewe mbele yake. Akahama, akajaribu kilimo, wakamfukuza. Kisha wakamkuta juu ya farasi aliyeazimwa kwa ndugu yake. Wakasema farasi ni wa wizi, wakamfunga kwenye mti wakamchapa viboko, na ndugu yake wakamnyonga bila kesi. Hapo ndipo Joaquín alipoapa. Mmoja baada ya mwingine, waliomtenda wakaanza kuokotwa wamekufa.

Ndivyo inavyosimuliwa, na sehemu kubwa iliandikwa baadaye na mtu nitakayemtaja. Lakini hakuna jambo hata moja katika hayo lisilompata mtu fulani wa kweli katika machimbo yale. Kuchapwa, kufukuzwa, kunyongwa na watu wenye hasira kali kwa farasi ambaye hakuna aliyethibitisha kuwa kaibwa: hayo yalikuwa mambo ya kila mwezi. Walitendewa wengi, na jina akalibeba mmoja.

Mwanzoni mwa 1853 ujambazi ulichacha katika kaunti ya Calaveras na jirani zake. Watu waliibiwa na kuuawa, na kila tukio likapewa mwenyewe: Joaquín. Leo ameonekana huku, leo hiyo hiyo ameonekana kule, mwendo wa siku nyingi kwa farasi. Ndugu zangu, Joaquín kwao ni kama Juma kwetu. Chukueni mkoa mzima, toeni amri kwamba anatafutwa Juma, mrefu wa wastani, nywele nyeusi, halafu muone usiku huo ni nyumba ngapi zitagongwa hodi.

Bungeni ikaletwa hoja ya kutangaza donge nono, dola 5,000, kwa atakayemleta Joaquín, akiwa hai au maiti. Mle bungeni alikuwamo mjumbe kutoka Santa Barbara, José María Covarrubias, mmoja wa walioshiriki kuandika katiba ya kwanza ya California mwaka 1849. Akaandika maoni ya kuipinga. Alisema kuweka bei juu ya kichwa cha mtu ambaye hajahojiwa wala kuhukumiwa ni kumtia hatiani kwa kudhani. Akasema kama huyo Joaquín hana uwezo wa miujiza, hawezi kuwa ameonekana sehemu zote hizo kwa wakati mmoja. Akaonya kwamba fedha zitaamsha tamaa, tamaa itakuza kufanana, na serikali itakuja kuletewa vichwa kwa makumi vinavyofanana kidogo na cha Joaquín.

Nilipoyasoma hayo nilisimama nikaenda kunawa uso. Mtu huyu aliyaona yote kabla hayajatokea. Vitabu vya hadithi vimemtukuza mwenye bastola, na huyu mwenye kalamu karibu hatajwi. Mimi naona kama kuna shujaa katika kisa hiki anayestahili shairi, ni yeye.

Donge lile la bunge halikupita. Lakini Mei 1853 Gavana John Bigler alitia saini sheria ya kuunda kikosi cha mgambo wa jimbo, watu wasiozidi 20, kwa miezi 3, mshahara dola 150 kwa mwezi kila mmoja, chini ya Kapteni Harry Love aliyetoka Texas. Na sheria ikawataja wanaosakwa: genge linaloongozwa na akina Joaquín watano. Joaquín Muriati, Joaquín Ocomorenia, Joaquín Valenzuela, Joaquín Botellier, Joaquín Carillo. Majina yenyewe yameandikwa kwa kukosewakosewa, kama alivyoyasikia mtu asiyeijua lugha. Hii ni sheria ya jimbo, imepigwa mhuri! Gavana akaongeza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayemkamata Joaquín. Yupi kati ya wale watano? Ikatosha kuwa ni Joaquín.

Mgambo wakazunguka. Mei ikaisha, Juni ikaisha, miezi mitatu inakatika. Tarehe 25 Julai, upande wa magharibi wa bonde, kwenye kijito cha Cantúa, wakawakuta Wameksiko kadhaa kambini. Risasi zikalia. Walipohesabu maiti, wakasema mmoja ni Joaquín na mwingine ni Manuel García, Jack wa Vidole Vitatu. Wakakata kichwa cha wa kwanza na mkono wa wa pili, wakavipakia, wakaenda navyo katika joto la Julai mnalolijua, wakitafuta pombe ya kuvihifadhi.

Watu 17 walitoa hati za kiapo kwamba kichwa ni chenyewe, padri mmoja akiwa miongoni mwao. Gavana akalipa dola 1,000, na mwaka uliofuata bunge likawaongeza mgambo dola 5,000. Ile ile 5,000 aliyoipinga Covarrubias ilipita kwa mlango wa nyuma, kichwa kikiwa tayari chupani. Gazeti moja kubwa la San Francisco liliandika Agosti hiyo hiyo kwamba jambo zima ni ulaghai, waliuawa Wameksiko wowote na kichwa kimoja kikabatizwa jina. Foleni haikupungua.

Sasa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomshangilia Joaquín kama mtetezi wa wanyonge. Katika mashambulizi ya mapema 1853, wengi wa waliouawa walikuwa Wachina. Walikuwa wachimbaji maskini, kambi ndogo ndogo, wakichimba mabaki ambayo wenzao wameyaacha, wakilipa ile kodi. Mwaka 1852 pekee walishuka San Francisco kama 20,000. Majambazi waliwafuata kwa sababu walikuwa na vumbi la dhahabu, silaha chache, na hawana wa kuwalilia. Magazeti yaliwahesabu tu, Mchina mmoja, Wachina watatu, bila jina. Mahakama nayo ikawamalizia: mwaka 1854, katika kesi ya mzungu aliyeitwa George Hall, aliyekuwa ametiwa hatiani kwa kumuua mchimbaji Ling Sing, Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba ushahidi wa Mchina haukubaliki dhidi ya mtu mweupe. Hall akaachiwa. Jina la Ling Sing tunalijua kwa sababu tu muuaji wake alikata rufaa.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia watoto wetu kwamba Joaquín aliwanyang'anya matajiri akawapa maskini. Naweza kuwaambia kwamba aliyedhulumiwa anaweza kumdhulumu mnyonge kuliko yeye, na damu ya Mchina kwenye vile vilima ni sehemu ya kisa sawasawa na viboko vya Joaquín.

Na aliyekiandika kisa ni nani? Mwaka 1854, mwaka mmoja baada ya Cantúa, kilitoka San Francisco kitabu cha maisha ya Joaquín, mwandishi akijiita Ndege wa Manjano. Hilo lilikuwa jina lake la Kicherokee. Kwa Kiingereza aliitwa John Rollin Ridge, na kitabu kile kinahesabiwa kuwa riwaya ya kwanza kuchapishwa na mwenyeji wa asili wa Marekani.

Sikilizeni alikotoka. Baba yake alikuwa mmoja wa Wacherokee waliotia saini mkataba wa 1835 wa kuiachia Marekani ardhi ya kabila lao, mkataba uliofuatwa na ile safari ya kufukuzwa ambamo watu kama 4,000 walikufa. Juni 1839, alfajiri, Wacherokee wenzake waliompinga walimtoa baba kitandani wakamchoma visu uani. Mtoto alikuwa na miaka 12, anatazama. Alipokua alimuua mtu katika ugomvi uliotokana na uhasama huo huo, akakimbilia California mwaka 1850. Akashika sururu, akashindwa, akashika kalamu. Huyu alipokaa kuandika habari za kijana aliyefungwa mtini akaapa kulipiza, unadhani alikuwa akiandika habari za nani?

Ndiyo maana kitabu kile kina moto. Lakini Ridge naye alikuwa na upofu wake: aliwaandika wenyeji wa asili wa California kwa dharau, na Wachina wanakufa katika kurasa zake kama nzi. Faida hakuipata. Jarida moja liliinakili hadithi mwaka 1859, likaibadilisha kidogo likaiuza, na kutoka hapo ikatafsiriwa ikavuka bahari. Chile wakaichukua wakasema Joaquín ni Mchile. Wasonora mpaka leo hawataki kulisikia hilo. Nimewahi kushuhudia ubishi huo mwenyewe, kwenye foleni ya mizani, kati ya madereva wawili watu wazima, mmoja akigonga bodi ya lori kwa kiganja, "De Sonora, señor!", kama anayetetea mjomba wake.

Nyimbo zake bado zinaimbwa kwa gitaa. Miaka ya 1960, vijana wa Kimeksiko wa Marekani walipoinuka kudai haki mashambani na mashuleni, jina walilolishika lilikuwa Joaquín. Lile jina ambalo sheria ililitumia kuwatia wote kapu moja, wao walilichukua likawa lao, wote.

Kichwa chenyewe kiliishia kwenye jumba la maonyesho San Francisco, kikaangamia katika tetemeko na moto wa Aprili 1906. Harry Love alikuwa amekufa siku nyingi, alipigwa risasi mwaka 1868 katika ugomvi wa nyumbani kwake.

Julai mwaka huu nilikuwa natoka kusini na shehena ya nyanya za kiwandani, matela mawili. Nikaacha barabara kuu nikakata upande wa Cantúa. Niliegesha pembeni nikashuka. Kijito ni kikavu wakati huo, mawe na majani makavu tu, vilima vina rangi ya simba, na upepo ule wa moto unaokausha midomo. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimeyaandika majina kwenye karatasi, nikayasoma kwa sauti: Muriati, Ocomorenia, Valenzuela, Botellier, Carillo. Nikaongeza Josefa. Nikaongeza Ling Sing. Nikataka kuendelea na wale Wachina wa Calaveras, karatasi ikawa haina kitu. Nikakaa nayo mkononi muda kidogo. Halafu nikapanda lori, maana nyanya zilikuwa juani.

Asanteni sana. Naona mzee pale nyuma ameinua mkono. Karibu mzee, uliza.